Maji taka ya mji yanavyopooza vinu vya nyuklia jangwani

MAJI yanayotoka bafuni, jikoni na chooni katika jiji la Phoenix nchini Marekani hayaishii yote mtoni. Sehemu yake husafishwa, huuzwa na kusafirishwa kwa bomba umbali wa kilomita 58 hivi kuvuka jangwa la Arizona. Mwisho wa safari, maji hayo hupanda angani kama mvuke kutoka kwenye minara tisa ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Palo Verde.

Kituo hicho kina vinu vitatu vyenye uwezo wa karibu megawati 4,000 kwa pamoja. Ujenzi ulianza mwaka 1976, vinu viwili vikaanza kuzalisha umeme wa biashara mwaka 1986 na cha tatu mwaka 1988. Kwa miaka mingi kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake Marekani, hadi mwaka 2024 kilipopitwa na kituo cha Vogtle cha jimbo la Georgia.

Hata hivyo, kinachokitofautisha Palo Verde na vingine si ukubwa. Vituo vikubwa vya nyuklia kwa kawaida hujengwa kando ya bahari, ziwa au mto mkubwa. Hiki kipo mahali ambapo hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Maji ya kupoozea hununuliwa na kuletwa kutoka mbali. Kwa sababu hiyo, hesabu ya maji ambayo kwingine humezwa na bahari, hapa inasomeka wazi kama daftari la duka.

Hesabu hiyo inamgusa mkulima moja kwa moja. Huko Arizona ilifika hadi mahakamani, na wenye mashamba walishindwa.

Birika kubwa la kuchemshia maji

Watu wengi wakisikia neno nyuklia hukumbuka bomu. Lakini kazi ya kinu cha nyuklia ni ndogo kuliko sifa zake: ni kuchemsha maji. Ndani yake kuna madini ya urani ambayo chembe zake hupasuka na kutoa joto kali. Kuanzia hapo mambo huenda kama katika kituo cha makaa ya mawe, au kama kule Olkaria nchini Kenya ambako mvuke hutoka ardhini. Mvuke husukuma mapanga ya turbaini, turbaini huzungusha jenereta, na umeme unapatikana.

Palo Verde maji huzunguka katika njia tatu ambazo hazichanganyiki. Njia ya kwanza ni ya maji yanayopita katikati ya kinu chenyewe. Maji hayo hufikia nyuzi joto zaidi ya 300, lakini hayachemki kwa sababu yamebanwa kwa shinikizo linalokaribia mara 155 ya lile la hewa ya kawaida.

Maji hayo ya moto huingia katika mtambo wa mvuke. Kila kinu kina mitambo miwili ya namna hiyo, na ndani ya kila mmoja kuna mirija myembamba zaidi ya 12,000. Maji kutoka kwenye kinu hupita ndani ya mirija, na maji mengine safi hukaa nje yake. Joto hupenya ukuta wa mrija, maji ya nje yanachemka, na mvuke wake ndio unaokwenda kusukuma turbaini. Hiyo ndiyo njia ya pili.

Njia ya tatu ni ya maji ya kupoozea, na humo ndimo yanamotumika maji taka ya Phoenix. Kwa hiyo maji ya mjini hayakutani na urani. Kati yao kuna kuta mbili za chuma na njia nyingine ya maji.

Ukuta wa milimita moja

Ukuta wa mrija mmoja wa mtambo wa mvuke una unene wa milimita 1 hivi. Upande mmoja kuna maji yaliyopita kwenye kinu, na upande wa pili kuna mvuke unaokwenda kwenye turbaini. Usalama wa njia zote mbili unategemea ukuta huo mwembamba.

Machi 14, 1993 mrija mmoja ulipasuka katika kinu cha pili cha Palo Verde. Maji yalivuja kwa kasi ya karibu lita 900 kwa dakika kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, na wahudumu walilazimika kukizima kinu. Uchunguzi ulionyesha kwamba chuma kilikuwa kimeliwa na kufanya nyufa, hasa mahali ambapo uchafu ulijikusanya na kuganda nje ya mirija.

Mama wa nyumbani anayechemsha maji ya chumvi analijua jambo hili. Birika jipya likitumiwa miezi michache huanza kuwa na ukoko mweupe ndani. Kwenye birika la chai hasara yake ni kuni au mkaa unaotumika zaidi. Kwenye mtambo wa mvuke ukoko kama huo huficha kemikali zinazokula chuma taratibu bila kuonekana.

Mitambo yote sita ya mvuke ya Palo Verde ilibadilishwa kati ya mwaka 2003 na 2007. Kila mmoja ulikuwa na uzito wa tani 800 hivi, na mirija yake ilitengenezwa kwa chuma mchanganyiko kinachostahimili nyufa vizuri zaidi. Aidha, kila kinu husimamishwa takriban kila baada ya miezi 18 ili kubadilishiwa urani, na hiyo ndiyo nafasi ya mafundi kuikagua mirija. Mrija unaoonekana kuchoka huzibwa pande zote mbili usitumike tena.

Theluthi mbili za joto hutupwa

Mvuke ukishasukuma turbaini huwa umepoteza nguvu. Hauwezi kurudishwa kwenye mtambo ukiwa mvuke, kwani pampu husukuma maji. Ni lazima kwanza ugeuzwe kuwa maji tena.

Aliyewahi kuona gongo ikipikwa anaelewa namna inavyofanyika. Mvuke kutoka kwenye pipa hupita katika mrija uliolazwa ndani ya maji baridi, na mwisho wa mrija hutoka matone. Yale maji ya baridi nayo huwa yanapata moto, na mpishi asipoyabadilisha kazi inakwama.

Katika kituo cha nyuklia kazi hiyo hufanywa na kondensa, ambalo ni kasha kubwa lenye maelfu ya mirija. Hapa mambo yamegeuzwa kidogo: maji ya baridi hupita ndani ya mirija na mvuke huzunguka nje. Mvuke unaponywea na kuwa maji huacha nafasi tupu, na nafasi hiyo huvuta mvuke mwingine kutoka kwenye turbaini. Kwa hiyo maji ya kupoozea yakiwa ya baridi zaidi, kituo hutoa umeme mwingi zaidi kwa urani ileile.

Hesabu yake inashangaza kidogo. Kinu kimoja cha Palo Verde hutoa joto la karibu megawati 4,000, lakini umeme unaopatikana ni megawati 1,300 na kitu. Sehemu moja kati ya tatu inakuwa umeme na sehemu mbili zinakwenda na maji ya kupoozea. Huo si uzembe wa mafundi. Kila mashine inayotumia joto, hata injini ya trekta, hutupa sehemu kubwa ya joto lake. Vituo vya nyuklia hutupa zaidi kuliko vile vya kisasa vya gesi, kwa kuwa mvuke wake hauna moto mkali kama wa huko.

Joto hilo lote ni lazima liende mahali. Kila dakika zaidi ya lita milioni 2 za maji hupita kwenye kondensa la kinu kimoja na kutoka yakiwa ya moto. Hupelekwa kwenye minara ya kupoozea, humwagwa kama mvua huku mafeni makubwa yakivuta hewa kupita katikati yake. Sehemu ndogo ya maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto, na yanayobaki hupoa na kurudi kazini. Ni kanuni ileile inayofanya maji ya mtungi wa udongo kuwa baridi kuliko ya ndoo ya plastiki, kwa sababu mtungi hutoa jasho.

Ile sehemu ndogo ikijumlishwa si ndogo. Palo Verde hutumia takriban lita bilioni 76 za maji kwa mwaka. Zikigawanywa kwa vinu vitatu na kwa dakika zote za mwaka, ni karibu lita 48,000 kwa kila kinu kila dakika. Hayo ni kama maboza matano ya lita 10,000 yanayomwagwa kila dakika, usiku na mchana. Kwa kipimo cha mita ya nyumbani, kila uniti moja ya umeme wa Palo Verde hugharimu karibu lita mbili na nusu za maji.

Mkulima anaweza kuyapima kwa njia yake. Kama hekta moja ya shamba inahitaji mita za ujazo 10,000 za maji kwa mwaka, maji hayo yangetosha hekta 7,600, yaani zaidi ya ekari 18,000.

Maji ya choo yageuka mali

Waliopanga kituo hicho waliliona tatizo mapema. Mwaka 1973 walisaini mkataba na miji ya bonde la Phoenix kununua maji taka yaliyosafishwa. Kwa miji hiyo, maji ambayo awali yalionekana mzigo wa kutupa yakawa bidhaa yenye mnunuzi.

Maji hayo husafishwa kwanza na miji, kisha huingia kwenye bomba. Sehemu kubwa ya safari hutiririka yenyewe kwa kufuata mteremko, na sehemu iliyobaki husukumwa na pampu. Yakifika kituoni husafishwa mara ya pili. Vijidudu huondoa amonia, chokaa huondoa madini yanayoleta ukoko, na mchanga huchuja kilichobaki. Ndipo huhifadhiwa katika mabwawa mawili, moja la ekari 85 na jingine la ekari 45.

Sababu ya usafi huo wote ni chumvi. Maji yakipanda kama mvuke, chumvi haipandi nayo. Kila mzunguko unaacha maji yakiwa na chumvi nyingi kuliko ya awali, kama inavyotokea kwenye shamba la umwagiliaji lisilo na mifereji ya kutolea maji. Palo Verde huzungusha maji hadi chumvi inapofikia takriban mara 25 ya kiwango cha mwanzo. Kisha maji hayo hupelekwa kwenye mabwawa ya kukaushia na jua. Hakuna linalorudi mtoni.

Wenye mashamba wafika mahakamani

Kabla ya mkataba huo kuanza kutekelezwa, maji yaliyosafishwa yalikuwa yakimwagwa mtoni, na chini ya mto kulikuwa na wenye mashamba na mifugo waliokuwa wakiyatumia. Miji ilipoanza kuyapeleka kwenye bomba la kituo, waliona maji yao yanapungua, na kesi ikafunguliwa.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Arizona ilitoa uamuzi ambao bado unatajwa katika mambo ya maji Marekani. Ilisema maji taka yaliyosafishwa si maji ya mto wala si maji ya chini ya ardhi maadamu bado yako mikononi mwa mji. Mji unaweza kumuuzia unayemtaka. Aidha, haulazimiki kuendelea kuyamwaga mtoni kwa ajili ya watu wa chini, hata kama wameyazoea kwa miaka mingi.

Waliokuwa na karatasi mkononi walibaki na maji. Kampuni ya umwagiliaji ya Buckeye, magharibi mwa Phoenix, imekuwa ikipata maji kutoka mtambo uleule wa kusafishia kwa mkataba, na wakulima wake hulima pamba na majani ya mifugo. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa mbolea wala bidii, ilikuwa mkataba.

Kituo chenyewe nacho hakikukwepa makali ya soko. Mwaka 2010 kilisaini mkataba mpya na miji utakaodumu hadi 2050, na bei yake hupanda kwa hatua mwaka hadi mwaka. Phoenix imekua, ukame umeupunguza mto Colorado, na kile kilichokuwa kikitupwa sasa kinagombewa. Maabara ya taifa ya Sandia imeshirikiana na kituo kutafuta njia za kupunguza matumizi.

Njia moja inayojulikana ni kupoza kwa hewa tupu, kama rejeta ya gari. Inaokoa maji mengi, lakini vifaa vyake ni ghali. Zaidi ya hapo, wakati wa mchana wa joto kali umeme hupungua, na huo ndio wakati ambao watu wa jangwani wanawasha viyoyozi.

Bahari na mto navyo vina mipaka

Kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, Afrika Kusini, kinachofua umeme tangu mwaka 1984, kilichagua njia tofauti. Huvuta maji ya bahari ya Atlantiki, huyapitisha kwenye kondensa mara moja na kuyarudisha baharini. Maji hayapotei kwa wingi, lakini hurudi yakiwa na joto zaidi, na samaki pamoja na mayai yao huathirika pale yanapoingilia na yanapotokea.

Mto una ugumu wake. Joto kali lilipoikumba Ulaya mwaka 2003, mito ya Ufaransa ilipungua maji na kupata moto. Baadhi ya vituo vya nyuklia vililazimika kupunguza uzalishaji, na vingine vikapewa ruhusa ya muda kumwaga maji yenye joto kupita kiwango cha kawaida.

Kuna pia hatari isiyosubiri msimu. Kinu kikizimwa, urani huendelea kutoa joto kwa siku na miezi, kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Machi 11, 2011 tsunami ilipopiga kituo cha Fukushima Daiichi nchini Japani, vinu vilikuwa vimeshazimwa kwa tetemeko. Mawimbi yaliharibu jenereta za dharura, maji ya kupoozea yakakosa wa kuyasukuma, na urani katika vinu vitatu ikayeyuka. Palo Verde ina mabwawa mengine, mawili kwa kila kinu, ambayo kazi yake ni dharura kama hiyo.

Maswali kwa Afrika Mashariki

Mambo haya si ya mbali tena. Kenya ilipolenga pwani ya Kilifi kwa kituo chake cha kwanza cha nyuklia, wakazi wa Uyombo waliandamana mwaka 2024 wakihofia uvuvi na utalii wao. Mwaka 2025 viongozi wakaanza kuitaja Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda nayo imechagua wilaya ya Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Sehemu zote hizo zina maji, na sehemu zote hizo zina watu wanaoishi kwa maji hayo.

Katika mikutano ya vijiji, mazungumzo mara nyingi huwa juu ya mionzi na fidia ya ardhi. Ni haki kuulizia hayo. Lakini mkulima, mvuvi au mfanyabiashara wa samaki ana mambo mengine manne ya kutaka yaandikwe kabla ya msingi kuchimbwa. Maji ya kupoozea yatatoka wapi? Kiasi gani kitapotea angani, na kiasi gani kitarudi? Yanayorudi yatakuwa na joto kiasi gani, na nani atalipima? Na mwaka wa ukame ukija, nani atafungiwa bomba kwanza?

Mwenye kituo huwa na majibu ya maswali hayo tangu siku ya kuchora ramani, kwa sababu bila maji kinu hakiwezi kuwashwa. Wenye mashamba wa Arizona waliyapata majibu yao kutoka kwa majaji, miaka 16 baada ya mkataba kusainiwa.